Barua mbili za udahili mkononi: kuchagua uzamili wa saikolojia ukiwa Malindi au Lamu

Kila mwaka, majibu ya maombi ya uzamili yakianza kutoka, vijana wa Malindi na Lamu waliosoma saikolojia huulizana swali lile lile: chuo gani kizuri? Swali hilo halina jibu. Idara moja inaweza kuwa na watafiti mabingwa na mafunzo ya vitendo yaliyolala. Nyingine haina jina kubwa, lakini wanafunzi wake wanakaa na wagonjwa kila wiki chini ya msimamizi anayeijua kazi. Swali lenye jibu ni refu kidogo: nikimaliza hapa, sheria itaniruhusu kufanya kazi gani, na ni nani atakuwa amenitazama nikiifanya kabla sijaachiwa mtu mwenye shida peke yangu?

Ukiwa na barua mbili au tatu za udahili, zisome zote kwa swali hilo. Jina la chuo, picha za maktaba na sifa za mji yangoje.

Cheti kitakuruhusu nini

Majina ya programu yanakaribiana hadi yanachanganya. Saikolojia ya kimatibabu inakufundisha kupima na kutibu maradhi ya akili: kutenganisha majonzi ya msiba na sonona, kutumia vipimo vya akili na kuandika ripoti yake, kufanya kazi wodini pamoja na daktari na muuguzi. Saikolojia ya ushauri nasaha inaelekea zaidi kwa watu walioelemewa na maisha: ndoa, ukoo, kufiwa, shule, kuacha dawa za kulevya. Mpaka kati ya hizo mbili si ukuta, ila mazoezi yake hufanyika sehemu tofauti, na mwajiri wa hospitali huangalia hilo. Saikolojia ya elimu inamfaa anayetaka kushughulikia watoto wanaoshindwa kusoma. Ya viwanda na mashirika ni ya kuajiri, kupima na kuendeleza wafanyakazi, nayo haikufungulii mlango wa kliniki hata kidogo. Wapo wanaoichukua kwa sababu nafasi zilikuwa wazi, kisha wanataka kufungua ofisi ya ushauri nasaha. Hapo ndipo majuto huanza.

Na kama unachotaka ni kuandika dawa, basi hakuna uzamili wa saikolojia utakaokufikisha huko. Daktari wa akili husomea kwanza udaktari, ndipo akabobea.

Kenya imekuwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu 2014. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka bodi ya kusajili na kutoa leseni. Usiichanganye bodi hiyo na chama cha wanataaluma kinachojulikana kwa herufi KCPA. Chama kina manufaa yake, kina mikutano na mafunzo, lakini kadi ya uanachama si leseni. Programu ikijinadi kwamba wahitimu wake "wanatambuliwa na chama", jua swali la bodi bado halijajibiwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi ya kushikilia nafasi, fanya mambo mawili. Kwanza, tafuta jina kamili la programu kwenye orodha ya programu zilizoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Nasema jina kamili kwa makusudi, kwani chuo kuwa na hati ya kuendesha kazi hakumaanishi kila kozi yake imepita. Linganisha neno kwa neno na barua yako. Orodha ikisema "ushauri nasaha" na barua ikasema "saikolojia ya kimatibabu na ushauri nasaha", omba maelezo kwa maandishi. Pili, andikia bodi uulize mhitimu wa programu hiyo husajiliwa kama nani, mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Jibu la simu halitoshi. Utalihitaji jibu hilo miaka mitatu baadaye, na wakati huo aliyekujibu kwenye simu huenda amehama.

Kuna tofauti nyingine ambayo walimu hasa waiangalie. Uzamili wa elimu wenye mkondo wa ushauri nasaha unaweza kumsaidia mwalimu aliyeajiriwa kupanda cheo na kuendesha idara ya ushauri shuleni, na mara nyingi hufundishwa wakati wa likizo za shule. Huo ni uamuzi wa busara kwa anayekusudia kubaki shuleni. Kwa anayekusudia siku moja kukaa Hospitali ya King Fahd pale Lamu au hospitali kuu ya Malindi akipokea wagonjwa, ni njia ndefu ya kurudi nyuma.

Angalia pia kazi iliyopo hapa kwetu. Malindi imekuwa na kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu walioathirika na heroini, tangu 2015. Kwa kawaida mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, na dawa peke yake haimalizi kazi. Kuna ushauri wa mtu mmoja mmoja, wa vikundi na wa familia unaokwenda miezi na miaka. Anayelenga kazi hiyo atafute programu yenye kozi nzima ya uraibu, si wiki mbili ndani ya kozi nyingine. Lamu ina jamaa waliobeba majeraha ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na hofu iliyofuatia barabarani. Anayetaka kuwahudumia aulize kiwewe kinafundishwa kwa njia ipi ya tiba, na kama mwalimu wake ameitumia mwenyewe kwa wagonjwa au anaisoma kwenye slaidi.

Saa za vitendo: hapa ndipo programu hupimwa

Karibu kila programu ya ushauri au ya kimatibabu huandika idadi ya saa za mafunzo kwa vitendo. Idadi hiyo inadanganya usipoipasua. Chukua programu inayosema saa 300. Ndani yake huwa kuna kukaa ana kwa ana na mteja, kuandika kumbukumbu, mikutano ya wodi, usimamizi, na mara nyingine kukaa mapokezi ukigawa kadi. Uliza kila sehemu ina saa ngapi. Saa za ana kwa ana zikiwa 40 kati ya 300, utahitimu ukiwa umeona wateja wachache kuliko anavyoona mshauri wa kliniki yenye shughuli kwa wiki mbili.

Piga hesabu mwenyewe. Siku mbili kwa wiki, wateja wanne kwa siku, muhula wa wiki 14: hivyo ni vikao 112. Sasa toa wasiotokea. Kwa mwanafunzi mgeni kituoni si ajabu theluthi moja ya waliopangiwa wasije, kwa nauli, kwa msimu wa samaki, kwa mama mkwe aliyekataa. Unabaki na vikao kama 75. Programu ikikwambia mwanafunzi hufikisha vikao 200 kwa muhula mmoja wa siku mbili kwa wiki, muulize mratibu akuonyeshe hesabu.

Kisha usimamizi. Kiasi cha kutafuta ni saa moja kwa wiki ya mwanafunzi na msimamizi peke yao, juu ya kikao cha kundi dogo. Kundi likizidi watu sita, zamu yako ya kuleta kesi inakufikia mara moja kwa mwezi, na kwa mwezi mmoja kosa lako limeshakuwa mazoea.

Usimamizi mzuri una sura yake. Mwanafunzi analeta dakika kumi za kikao alizorekodi kwa ridhaa ya mteja. Msimamizi anasikiliza, anasimamisha. "Hapa alipokwambia amechoka na dunia, mbona ukahamia kumuuliza usingizi?" Mwanafunzi anajibu kwamba aliogopa. Wanarudia ile sentensi, wanaijaribu kwa maneno mengine matatu, wanasonga mbele. Mbaya ni ule wa mwanafunzi kusimulia kikao kwa kumbukumbu, msimamizi akaitikia "vizuri, endelea", kitabu kikapigwa sahihi. Mwanafunzi husimulia anachokumbuka, na kile alichokikimbia hakikumbuki. Basi uliza hivi, kwa maneno haya haya: je, wasimamizi wanasikiliza rekodi au wanakaa ndani ya kikao, au wanategemea masimulizi?

Uliza pia nani hutafuta kituo. Baadhi ya idara zina makubaliano na hospitali, na kila mwanafunzi hupangiwa. Nyingine humwambia mwanafunzi, "tafuta mwenyewe, utuletee barua." Ukiwa Lamu, hilo la pili linaweza kukula muhula mzima, maana kituo ni kimoja au viwili na barua hupita ofisi kadhaa za kaunti. Na hata ukikipata, nani atakusimamia hapo? Muuguzi wa afya ya akili anaweza kukuongoza vizuri sana kwa shughuli za kila siku, usalama wa mgonjwa na dawa, ila usimamizi wa tiba ya mazungumzo unahitaji aliyefunzwa tiba hiyo. Mpango unaokubalika ni kuwa na wawili: mmoja kituoni na mwingine wa chuo kwa njia ya video, mara moja kwa wiki, siku na saa zilizoandikwa. Maneno "tutawasiliana" si mpango.

Lugha ya kazi

Jambo hili halimo kwenye broshua yoyote, na mimi naliweka juu kuliko jina la chuo. Utafundishwa kwa Kiingereza na kuwatibu watu kwa Kiswahili. Kati ya hapo na hapo kuna kazi kubwa ambayo programu nyingi humwachia mwanafunzi peke yake.

Chukua dodoso la sonona linaloitwa PHQ-9, lililochapishwa 2001 na sasa linatumika hadi zahanati. Lina maswali tisa, kila moja hupewa alama kutoka 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na alama 10 ndizo huchukuliwa na wengi kuwa mstari wa kumwangalia mtu kwa makini zaidi. Kila swali linauliza juu ya wiki mbili zilizopita. Sasa liulize katikati ya Ramadhani. Swali la tatu ni la usingizi, na mama aliyeamka saa tisa usiku kupika daku usingizi wake umevurugika kila siku. La nne ni la uchovu. La tano ni la hamu ya kula. Mama huyo mwenye afya kamili anaweza kupata 3 mara tatu, yaani alama 9, akiwa hana huzuni yoyote. Amebakisha moja tu. Mwanafunzi aliyefunzwa kujumlisha humwandikia rufaa. Aliyefunzwa kuuliza humwambia, "Mama, na kabla ya mfungo ulikuwa unalala vipi?"

Swali la tisa ni zito zaidi, lile la kuwaza kwamba ni afadhali kufa au kujidhuru. Liulize kwa tafsiri ya moja kwa moja, mbele ya mkwe aliyeketi mlangoni, na jibu litakuwa "astaghfirullah, hapana" kabla hujamaliza kusoma. Unaandika 0. Jibu hilo limeeleza imani ya mtu na aibu yake, na mawazo yake hujayagusa. Msimamizi anayejua kazi atakufundisha kwanza kumwomba mkwe atupishe, kisha kuanza mbali: mtu akilemewa hufika mahali akamwomba Mungu amchukue apumzike, wewe umefika hapo? Mtu anayeona haya kusema anataka kufa anaweza kukiri bila tabu kwamba ameomba achukuliwe. Hapo ndipo mazungumzo ya usalama yanapoanza.

Basi uliza: je, naweza kurekodi vikao kwa Kiswahili na msimamizi akavisikiliza bila tafsiri? Msimamizi wa bara anaweza kuwa na Kiswahili safi na bado asitambue kwamba mzee wa Amu akisema mato yanamuuma anasema macho, au kwamba akisema "mtoto ana wenyewe" anazungumzia mashetani na tayari ameshapitia kwa mganga na kwa shehe wa kumsomea. Programu iliyo makini inakufundisha kulipokea hilo, kuuliza walimwambia nini huko, na kuendelea na matibabu bila kumdharau mtu. Ukimsikia mratibu akizicheka habari hizo, umepata jibu lako.

Kwa sababu hiyo hiyo usiipuuze Tanzania. Chuo cha Muhimbili kule Dar es Salaam kina uzamili wa saikolojia ya kimatibabu, na hospitalini kwake mgonjwa na mhudumu huzungumza Kiswahili kuanzia getini. Kwa mtu wa pwani hilo ni faida ya mafunzo kabisa. Nairobi nako, Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha saikolojia ya kimatibabu ndani ya idara ya magonjwa ya akili, jambo linalokuweka karibu na wodi na madaktari. USIU-Africa ina ya kimatibabu na ya ushauri nasaha. Daystar imejulikana kwa ushauri nasaha wenye misingi ya Kikristo. Hilo la mwisho si kasoro, ila mwanafunzi Mwislamu kutoka Lamu aulize mapema kozi za imani ni zipi na kama ni za lazima, badala ya kushangaa muhula wa kwanza.

Tasnifu, mahali watu hukwama

Masomo ya darasani huisha kwa wakati. Kinachobaki miaka ni tasnifu. Sababu zinajulikana: msimamizi ana wanafunzi wengi kupita kiasi, pendekezo la utafiti linarudishwa kwa kamati inayokutana kwa nadra, kibali cha maadili kinachelewa, kisha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kisha ruhusa ya kaunti, kisha hospitali yenyewe. Kila hatua ina fomu na ada yake, na huwezi kukusanya data hata ya mtu mmoja kabla hazijakamilika. Aliyekusanya mapema akidhani atarekebisha makaratasi baadaye hulazimika kuitupa data yote.

Swali la kuuliza ni fupi: katika kundi lililoanza miaka mitatu iliyopita, waliingia wangapi na wamehitimu wangapi? Mratibu asipojua, waulize wanafunzi. Waliingia 20, wamemaliza wanne? Hiyo ndiyo ratiba yako pia, hata broshua ikisema miaka miwili.

Chagua msimamizi kabla ya mada, na mada ndogo kabla ya kubwa. "Afya ya akili ya vijana katika kaunti za pwani" ni mada ya taasisi. "Wanaume wanaoacha methadoni ndani ya miezi mitatu ya mwanzo katika kliniki moja, na sababu wanazozitoa" ni mada ya mtu mmoja kwa mwaka mmoja. Mfano mzuri wa utafiti ulioota kwenye udongo wa hapa uko Kilifi, saa moja hivi kutoka Malindi. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, wameendesha kituo huko tangu 1989, na huko ndiko kilikotengenezwa kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kinachobeba jina la Kilifi, kazi ambayo Profesa Amina Abubakar alishiriki kuijenga. Vipimo vya nje huweza kumtaka mtoto atambue vitu asivyowahi kuviona. Anayetaka uzamivu na utafiti baadaye achague programu yenye tasnifu kamili, siyo mradi mfupi, na ahakikishe takwimu zinafundishwa kwa mikono. R, JASP na jamovi, programu za kompyuta za takwimu, ni za bure. Programu inayofundisha kwa programu ya kompyuta yenye leseni ghali tu, tena kwenye maabara ya chuo tu, itakukwamisha ukirudi nyumbani na data yako.

Njia na fedha

Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Lamu huanza na boti hadi Mokowe, kisha basi zaidi ya kilomita 200 kufika Malindi. Darasa la "Ijumaa jioni na Jumamosi" Nairobi, kwa mtu wa Lamu, ni siku nne za wiki. Masomo ya vipindi vya likizo au ya wiki moja nzima kila mwezi yanakubalika zaidi kwa aliye mbali. Ya mtandaoni peke yake, kwa saikolojia inayogusa wagonjwa, mimi sishauri. Nadharia inafundishika kwa skrini, lakini uliza vitendo vitafanyika wapi. Jibu likiwa mazungumzo ya kuigiza kati ya wanafunzi, bodi na mwajiri hawatayahesabu kama wateja.

Karo iliyo kwenye barua si gharama ya kusoma. Chukua tarakimu za mfano tu. Programu ya kwanza inadai 250,000 kwa mwaka, miaka miwili, 500,000, na vituo na wasimamizi wamo ndani. Ya pili inadai 180,000 kwa mwaka, 360,000, ukaona umeokoa. Lakini kituo unatafuta mwenyewe na msimamizi unamlipa 2,000 kwa saa, saa 50: 100,000. Tasnifu inazidi mwaka mmoja, ada ya kuendelea 60,000. Umefika 520,000 na hujahesabu nauli wala chumba. Kuna programu pia zinazomtaka mwanafunzi mwenyewe apitie tiba kwa idadi fulani ya vikao. Ni sharti zuri, na lina bei yake. Omba jedwali la ada zote mpaka siku ya mahafali, pamoja na ada ya kurudia na ya mtahini wa nje. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ina mikopo ya uzamili na ufadhili wa sehemu kwa wachache. Usiweke saini kwa kuitegemea kabla jibu halijafika.

Barua ikitoka nje

Hapa makosa ni ghali, nayo hutokana na kudhani uzamili ni uzamili popote.

Marekani, katika majimbo mengi, leseni ya mwanasaikolojia inahitaji shahada ya udaktari. Kuna aina mbili. PhD inashikilia utafiti na tiba pamoja, mtindo uliokubaliwa kwenye mkutano wa Boulder mwaka 1949. PsyD inaegemea tiba, mtindo uliopitishwa kwenye mkutano wa Vail mwaka 1973. Tofauti inayokuhusu kwanza ni ya mfuko: PhD nyingi za kimatibabu humsamehe mwanafunzi karo na kumpa posho kwa kazi ya kufundisha au utafiti, PsyD nyingi mwanafunzi hujilipia. Zote huchukua miaka mitano hadi saba, pamoja na mwaka mzima wa intanshipu, yaani mafunzo ya kazini chini ya usimamizi. Kwa PhD hudahiliwi na chuo peke yake, unachukuliwa na profesa fulani, hivyo soma makala zake mbili tatu kabla ya kumwandikia. Hakikisha programu ina ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Na ukipewa nafasi yenye ufadhili, vyuo vingi vimekubaliana kutokulazimisha kujibu kabla ya Aprili 15, usishinikizwe.

Uingereza, shahada za uzamili za mwaka mmoja ni nyingi na zinavutia, hasa kwa wenye ufadhili wa Jumuiya ya Madola au wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza. Nyingi ni za nadharia na utafiti. Vyeo kama mwanasaikolojia wa kimatibabu huko vinalindwa na sheria chini ya HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na njia yake ya kawaida ni udaktari wa miaka mitatu ambao nafasi zake nyingi hulipiwa na serikali na kupewa wakaazi. Ukirudi na uzamili wa mwaka mmoja usio na saa za wateja, umepata elimu nzuri, ila bodi ya hapa itauliza vitendo viko wapi. Afrika Kusini mafunzo ni mazito na ya uhakika, miezi 12 ya intanshipu imo ndani, lakini madarasa ni madogo mno na mchujo ni mkali. Muulize mratibu kwa maandishi kama mgeni hupewa nafasi ya intanshipu, maana bila hiyo usajili haukamiliki.

Kuuliza, na kuamua

Wa kuulizwa ni watatu: mratibu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mhitimu aliye kazini. Mratibu hukupa utaratibu, mwanafunzi hukupa hali ilivyo, mhitimu hukupa matokeo. Ujumbe uwe mfupi, wenye adabu, na maswali yanayojibika: "Dada, assalam aleikum. Nimepata nafasi kwenye programu mliyosoma na niko Malindi. Naomba unisaidie kwa matatu: ulipata wateja wangapi mwaka wa vitendo, msimamizi alikuwa akisikiliza rekodi, na tangu utetezi wa pendekezo hadi kibali ilikuchukua miezi mingapi? Ukiwa na nafasi nitapiga simu dakika kumi." Swali kama "programu ikoje?" litajibiwa "nzuri tu", na utabaki pale pale.

Majibu yakifika, yaandike kwenye karatasi moja, programu mbili bega kwa bega: usajili wa bodi, saa za ana kwa ana, usimamizi wa wiki, lugha, waliomaliza kwa wakati, jumla ya gharama. Palipo na wazi baada ya kuuliza mara mbili, usipajaze kwa matumaini, andika "hawajajibu". Usajili ukiwa na mashaka, programu hiyo iweke kando hata kama mengine yote yanang'aa. Kama zote mbili zimepita hapo, mimi ningefuata yenye usimamizi bora, hata ikiwa mbali zaidi. Nauli unaweza kuichangiwa na ndugu, au ukaomba kuahirisha kwa mwaka mmoja huku ukijipanga. Miaka miwili ya kufanya makosa bila mtu wa kukusimamisha haina wa kukuchangia, na anayelipa ni aliyekaa mbele yako.

Ukishaamua, andika kukubali kabla ya tarehe iliyo kwenye barua, lipa kwa akaunti ya chuo peke yake na ubaki na risiti. Siku hiyo hiyo waandikie wale uliowaacha, kwa shukrani na kwa uwazi kwamba huji. Kwenye orodha yao ya kungoja kuna mtu, pengine wa Witu au wa Faza, ambaye simu yake haitalia mpaka wewe uachie hiyo nafasi.